Saa Ndefu ya Kabati ya Uingereza au Wales: Kuikagua, Kuisimamisha na Kuiweka Sawa

Saa ndefu ya kabati ikigoma, usiharakishe kusema imekufa. Nyingi zinazopigwa mnada Uingereza kwa maelezo ya "haitembei" hazina ubovu kwenye mashine. Ama kabati linatikisika, ama mapigo ya pendulamu yamekaa upande. Yote mawili yanatibika kwa kabari, skrubu na sikio la kusikiliza. Ugumu uko kabla ya hapo: kujua kama mashine, uso na kabati vilizaliwa pamoja, au ni mabaki ya saa tatu yaliyounganishwa ili yauzike.

Kwanza tuelewane kuhusu sehemu zake. Juu kabisa kuna kofia yenye kioo, ambayo huvutwa mbele ikatoka nzima. Katikati ni kiwiliwili chenye mlango mrefu, na chini ni kitako. Mashine hukaa ndani ya kofia juu ya ubao mnene, na ubao huo umelazwa kwenye ncha za mbao mbili za ubavuni zinazopanda kutoka kwenye kiwiliwili. Nyuma ya mashine huning'inia pendulamu, na mbele yake vyuma vya uzito vinavyoshuka kwa kamba na kapi.

Kukagua kabla ya kulipa

Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulamu mwaka 1656, na kufikia 1658 Ahasuerus Fromanteel alikuwa akizitangaza London. Pendulamu za mwanzo zilikuwa fupi na zilipunga kwa upana. Umbo tunalolijua lilikuja na nanga, karibu mwaka 1670. Hiki ni kipande cha chuma chenye makucha mawili, kinachoachia gurudumu jino moja baada ya jingine. William Clement, Joseph Knibb na Robert Hooke wote hutajwa katika ubishi wa nani aliitangulia. Nanga iliwezesha pendulamu ndefu ya takriban milimita 994 inayopunga kidogo tu na kupiga kila sekunde, na kabati likarefuka na kuwa jembamba ili kuihifadhi.

Majina makubwa ya London ni Thomas Tompion (1639–1713) na mrithi wake George Graham, waliozikwa kaburi moja Westminster Abbey. Saa zao zinajulikana, na hazipatikani kwa bei ya kabati la nguo. Mnunuzi wa kawaida atakutana na saa za mafundi wa miji midogo, na hapo ndipo penye uhondo. Kaskazini mwa Wales, jina la Watkin Owen wa Llanrwst linaonekana kwenye saa nyingi. Samuel Roberts wa Llanfair Caereinion alizipa saa zake namba na kuziorodhesha kwenye daftari, kuanzia 1755 hadi 1774, kwa hiyo saa yake ina namba ya kuulizia. Kabati za Wales kwa kawaida ni za mwaloni, kazi ya seremala wa jirani na si ya fundi saa, na ndiyo maana saa mbili za fundi mmoja zinaweza kuwa na kabati zisizofanana hata kidogo.

Jina lililoandikwa usoni halithibitishi kwamba huyo ndiye aliyechonga magurudumu. Mwaka 1772 Osborne na Wilson wa Birmingham walitangaza nyuso za chuma zilizopakwa rangi nyeupe, na katika karne ya 19 "mtengenezaji" wa mji mdogo mara nyingi alinunua uso na mashine tayari, akaandikisha jina lake na kuuza. Hilo si ulaghai. Ulaghai ni jina lililopakwa juzi. Chukua lenzi na tazama nyufa ndogo za rangi: zikipita juu ya herufi, jina ni la zamani, herufi zikiwa zimejaza nyufa, limeongezwa.

Kwa umri, anza na upana wa uso. Sentimita 25 ni dalili ya karne ya 17, sentimita 30 zilienea karne ya 18, na sentimita 33 hadi 36 ni za kaskazini mwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na baadaye. Uso wenye tao juu ulianza kuenea baada ya 1715 hivi. Uso wa shaba wenye pete ya namba iliyopakwa fedha hutangulia uso uliopakwa rangi. Mishale ya chuma cheusi isiyofanana umbo ni ya zamani kuliko jozi ya shaba inayolingana. Saa yenye mshale mmoja tu haijapoteza wa pili: saa za vijijini zilitengenezwa hivyo, na kati ya namba mbili kuna mgawanyo wa robo nne.

Sasa vua kofia uchunguze ndoa ya mashine na kabati. Angalia pale ubao wa mashine unapokaa. Mbao za ubavuni zikiwa zimekatwa upya, au zimeongezewa vipande ili kuinua ubao, mashine hiyo si ya kabati hilo, au angalau kuna mtu aliyebadilisha kimo. Halafu chungulia bamba la mbele la mashine. Uso umefungwa hapo kwa miguu yake, hivyo matundu yasiyo na kazi maana yake ni kwamba mashine iliwahi kubeba uso mwingine. Nyuso za mwanzo zilizopakwa rangi mara nyingi zina bamba la kati la chuma, na hilo ni la halali, si kiraka. Mwisho rudisha kofia na tazama fremu yake inavyouzunguka uso. Uso ukifichwa pembeni, au mwanya wa kidole ukibaki, shuku. Saa iliyounganishwa inaweza kutembea vizuri na kupendeza sebuleni, mradi tu usilipe bei ya saa nzima.

Jambo la mwisho hapa ni aina ya mashine. Ya siku nane ina matundu mawili ya ufunguo usoni: la kushoto ni la kengele, la kulia ni la mwendo. Ya saa 30 haina matundu. Unavuta mnyororo au kamba kila siku, na chuma kimoja kinaendesha vyote viwili. Lakini zipo za saa 30 zilizowekewa matundu ya bandia ili jirani adhani ni ya siku nane! Fungua mlango uhesabu vyuma.

Kuibeba

Utaratibu haubadiliki: kofia, vyuma vya uzito, pendulamu, kisha mashine. Hatari inayowakuta wengi ni hii: ukishatoa vyuma, uso mzito huielemea mashine mbele, na mara nyingi ubao wake haujapigiliwa. Mashine huanguka kifudifudi. Mtu mmoja aishike wakati mwingine anatoa pendulamu.

Kamba nazo huleta balaa. Zikikosa mvuto hufumuka kwenye ngoma, yaani mapipa madogo ya mashine yanayozungushiwa kamba, zikajipindapinda, na ukirudisha vyuma hukwama kati ya ngoma na bamba. Kabla ya kuvua vyuma, jaza saa hadi mwisho huku umeweka kipande cha kadibodi nene kati ya kapi na ubao, ili kapi ibane na kamba ibaki imekazwa. Au zungushia ngoma mkanda wa karatasi. Vyuma vipe alama ya kushoto na kulia, kwa sababu si lazima vilingane. Kofia isafiri peke yake, imefungwa blanketi.

Kuisimamisha

Chagua ukuta imara na sakafu ngumu. Zulia nene ni adui. Epuka jua la dirishani na mdomo wa kiyoyozi, maana gundi ya zamani ni ya ngozi na mifupa ya wanyama; joto na unyevu huilegeza, vipande vya mbao nyembamba vya nje vikaanza kubanduka. Kwenye nyumba ya pwani ongeza mchwa na bungua kwenye orodha: ubao wa nyuma na wa kitako mara nyingi ni msonobari laini, chakula chao. Tenga kabati na sakafu kwa vipande vya mbao ngumu, na lifunue kila baada ya miezi michache.

Weka pima maji juu ya ubao wa mashine, si juu ya kofia wala kitako, kwa kuwa kabati la miaka 250 halina pembe mraba. Pachika kabari hadi ubao ulale sawa kushoto na kulia, na usiiname mbele. Kisha funga kabati ukutani kwa skrubu inayopita kwenye ubao wa nyuma, juu karibu na mashine, ambapo kofia itaificha. Mara nyingi utakuta tundu la zamani, basi tumia hilohilo. Skatingi, yaani ubao wa chini ya ukuta, huliweka kabati mbali na ukuta kwa milimita 15 au 20, kwa hiyo weka kipande cha mbao cha unene huo kati ya ubao na ukuta, vinginevyo skrubu italivuta kabati liiname kinyumenyume.

Wengi huruka skrubu hii kwa kuona kabati ni zito. Uzito haulizuii kutikisika. Vyuma vinaposhuka, katikati ya wiki hufika usawa wa kisahani cha pendulamu, yaani kile kipande kizito cha duara kilicho chini yake. Hapo urefu wa kamba kutoka kwenye ubao hukaribia mita moja, sawa na pendulamu, na chuma huanza kupunga pamoja nayo kimyakimya. Kabati likicheza hata kidogo, nguvu ya pendulamu inahamia kwenye chuma, mpungo unapungua, saa inakata roho. Ukijaza saa Jumapili na ikasimama Alhamisi, wiki baada ya wiki, usimtafute fundi. Fungua mlango utazame chuma kinavyopunga, kisha chukua bisibisi.

Baada ya skrubu, rudisha mashine na ning'iniza pendulamu kabla ya vyuma. Juu ya pendulamu kuna springi bapa, nyembamba kama karatasi. Ipenyeze kwa kwenda juu kupitia kitanzi cha uma, yaani ule mkono wa chuma unaoning'inia nyuma ya mashine, kisha ikalie kwenye ufa wa kishikio cha nyuma. Springi iliyokunjwa haina tiba: badilisha. Kati ya kitanzi na pendulamu ubaki uwazi wa unene wa karatasi tu. Kikibana pendulamu hukwama, kikilegea sana msukumo hupotea. Ndipo uning'inize vyuma.

Uzito wa kawaida wa chuma cha saa ya siku nane ni kilo 5.5 hadi 6.5, na cha saa 30 ni kilo 4 hadi 5. Ukiona mtu ameongeza kilo mbili ili saa "ipate nguvu", ujue mashine ilikuwa inahitaji kusafishwa. Uzito wa ziada hutembeza saa kwa muda huku ukila matundu ya mihimili.

Mapigo

Sukuma pendulamu kidogo, usikilize. Tik na tak ziachane kwa nafasi ileile, kama mtu anayetembea kwa miguu mizima. Ukisikia tik-tak... tik-tak..., saa inachechemea na itasimama baada ya dakika au masaa.

Kupima kwa macho ni rahisi kuliko kwa sikio. Bandika kipande cha karatasi kwenye ubao wa nyuma, chini ya kisahani, na utie alama mahali pendulamu inapotulia. Isogeze polepole kwa kidole kwenda kulia hadi usikie pigo, weka alama. Ifanye hivyo kushoto. Umbali ukiwa sawa pande zote mbili, kazi imekwisha. Ukiwa haulingani, kunja uma kuelekea upande wenye umbali mfupi. Tuseme pigo la kulia limekuja kwenye milimita 12 na la kushoto kwenye 20: ncha ya chini ya uma iende kulia. Shika uma kwa vidole vya mkono mmoja karibu na juu, usiachie, na ukunje sehemu ya chini kwa mkono mwingine. Bila kushikilia juu, nguvu yote inaishia kwenye mhimili wa nanga, ambao ncha yake ni nyembamba na huvunjika. Kunja kidogo sana, pima tena.

Wapo wanaokwepa kukunja na badala yake kuinamisha kabati zima hadi mapigo yalingane. Inafanya kazi, ila kabati linabaki limeegemea upande, na fundi wa usafi akilisogeza mara moja tu kila kitu kimeharibika.

Ikisimama bado

Tazama saa ngapi imesimama. Ikisimama mishale inapopishana, inagusana: kunja wa dakika kidogo mbele, lakini usifike kwenye kioo cha kofia. Ikisimama mahali popote bila mpangilio, tazama kama kisahani kinagusa ubao wa nyuma au chuma cha uzito, au kama mshale wa sekunde umeshuka ukakwaruza uso.

Ikisimama mshale mfupi ukitoka XII kwenda I, kabla tu ya saa saba, chunguza upande wa kengele. Kwenye mashine nyingi za siku nane idadi ya mapigo ya kengele hupimwa na kipande chenye meno kinachoangukia kwenye konokono, yaani kisahani chenye umbo la konokono na ngazi kumi na mbili, mfumo wa Edward Barlow wa mwaka 1676. Chuma cha kengele kikiwa kimefika chini, kipande hicho hakiinuliwi tena, na konokono ikizunguka hadi ngazi ya kumi na mbili mkia wa kile kipande chenye meno unagonga ukuta wa ngazi hiyo. Saa nzima inakwama. Usiache upande mmoja bila kujazwa eti kelele za kengele zinakukera.

Kwenye saa za saa 30 mfumo huwa wa gurudumu la kuhesabu, lisilojali mishale iko wapi. Kengele ikipiga tano ilhali mshale uko kwenye nane, usizungushe mishale: inua kwa kidole kitasa kidogo cha upande wa kengele, uache ipige, urudie hadi zikutane. Kwa aina zote, ukipeleka mishale mbele ngoja kila saa imalize kupiga, na usirudishe nyuma kuvuka XII.

Uso wa mwezi, kama upo, huzungushwa na kisahani chenye meno 118, kinachosukumwa mara mbili kwa siku; mwezi ni siku 29 na nusu, na kuna sura mbili za mwezi juu yake. Usiku wa mwezi mpevu kisogeze hadi namba 15. Saa za Bristol zilionyesha hapohapo na saa ya maji kujaa bandarini, jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi angelifurahia.

Mafuta

Tone dogo la mafuta ya saa kwenye kila kijishimo cha mhimili, kisijae, na alama tu kwenye makucha ya nanga. Basi. Meno ya magurudumu hayapakwi kitu. Mafuta hukamata vumbi, vumbi linazama kwenye shaba laini, na shaba hiyo sasa ni msasa unaokula chuma kigumu cha gia ndogo. Mafuta ya kupikia huganda, ya kupuliza ya kulegezea kutu huyeyusha yaliyokuwepo kisha hukauka. Vishimo vikiwa vimejaa uchafu mweusi, kuongeza mafuta ni kuchanganya tope. Mashine ifunguliwe na kusafishwa.

Kurekebisha mwendo

Chini ya kisahani kuna nati. Ukiipandisha, pendulamu inafupika na saa inawahi, ukiishusha, inachelewa. Milimita moja ni kama sekunde 43 kwa siku, na mzunguko mmoja wa nati huwa kati ya nusu dakika na dakika. Shika kisahani unapoizungusha, usiisokote springi. Jaza saa siku ileile kila wiki, linganisha na saa ya simu baada ya siku saba, na gawanya tofauti kwa saba kabla ya kugusa nati. Kosa la dakika moja kwa wiki ni mwendo mzuri kwa mashine kama hii. Joto nalo hushiriki: fimbo ya chuma ya pendulamu ikipata nyuzi 10 zaidi hurefuka kiasi cha kuchelewesha saa sekunde 5 kwa siku.

Aliyeisafirisha kutoka Uingereza hadi Afrika Mashariki asishangae saa ikichelewa kwa kiasi kikubwa. Karibu na ikweta mvutano wa dunia ni mdogo kidogo, jambo ambalo mnajimu Mfaransa Jean Richer alilibaini mwaka 1672 pale saa yake ya pendulamu ilipochelewa Cayenne, Amerika Kusini. Saa iliyowekwa sawa London itapoteza kama dakika 2 na robo kwa siku Dar es Salaam, na Nairobi, kwa sababu ya kimo chake, kama dakika 2 na sekunde 40. Dawa ni kupandisha kisahani milimita 3 Dar, karibu 4 Nairobi. Nati ikifika mwisho wa uzi wake kabla ya hapo, usikate fimbo wala springi: kata kipande cha bomba jembamba, kipenyeze kwenye uzi kati ya nati na kisahani, na utapata milimita zilizobaki.